Nyuma ya Bili ya Umeme

Uchi wa mnyama, husemwa,
na kumbe wanyama karibu wote wamevaa.
Ni huyu tu, Kamote,
aliyenipokea mlangoni kwa mama, kule Túcume,
hana unyoya wa kujitetea
ila kishungi chekundu utosini,
kama mtu aliyemkimbia kinyozi katikati ya kazi.

Rangi yake ya kiazi kitamu kilichochomwa,
ndiyo maana ya jina.
Amezaliwa na meno pungufu,
ulimi unamponyoka pembeni,
hata akihuzunika
utadhani anamcheka mtu.

Mama alikuwa na siku nne kaburini.
Nilikuja na basi la usiku kutoka Lima
kuuza nyumba.
Mbwa sikumtia katika hesabu.

Jirani, Asunta Chapoñán, akanipa karatasi:
bili ya umeme ya mwezi wa Juni, haijalipwa,
na nyuma yake mwandiko wa mama, unapanda kilima:

«Usimwache juani adhuhuri. Anaungua kama wewe ulivyokuwa.
Mafuta ya zeituni, matone matatu, si manne.
Ukizidisha, anaota chunusi kama kijana wa sekondari.
Sabuni ya watoto, Jumamosi moja ndiyo, moja hapana.
Sufu inamwasha, kwa hiyo usimvalishe hata upepo ukivuma.
Malenge uyaponde. Samaki umtoe miiba yote, YOTE, Nicanor.
Na usiseme mbele ya watu kwamba ni mgonjwa.
Si mgonjwa. Ndivyo alivyo.»

Sandukuni nikakuta shati lake la baridi:
shati langu la shule ya msingi,
mikono imekatwa, tumbo limepunguzwa,
na kwenye ukosi, kwa uzi wa buluu, jina langu bado.
Nikamfunga vifungo.
Lilimkaa vizuri kuliko lilivyowahi kunikaa mimi.

Usiku nilimshika ubavu nikashtuka.
Moto!
Asubuhi tukapanda gari hadi Chiclayo, mimi na mgonjwa wangu
(nilisema hivyo, mbele ya watu, mama unisamehe)
na daktari wa mifugo akapima, akacheka.
Hana homa, akasema.
Joto lake ni lile lile la mbwa yeyote barabarani.
Ila kwa huyu
hakuna kitu kati.

Hakuna kitu kati.
Nilirudi nayo njia nzima, sentensi hiyo,
katikati ya mashamba ya miwa.

Asunta ananiambia mambo kidogo kidogo,
kama anayemtoa samaki miiba.
Kwamba magoti ya mama yalilia kama bawaba.
Kwamba alilala na Kamote juu yake, goti hili kisha hili,
na mbwa alijua zamu.
Chini ya kitanda nimelikuta jiko la umeme la kuotea moto
nililomtumia miaka mitatu iliyopita.
Bado limo kwenye boksi. Hata utepe haujachanwa.

Sasa nampaka mafuta.
Nyuma ya sikio, ambako ngozi ni nyembamba kama ya ndizi mbivu,
kwenye mikunjo ya shingo,
tumboni, penye baka jeupe ambalo sikuwa nimeliona.
Anafumba macho. Anasimama kwa miguu mitatu.
Kiganja changu kinajifunza polepole, kizito, kikavu,
kiganja cha mtu anayesalimu na kuondoka.

Mnunuzi alikuja Alhamisi.
Akapima ua kwa hatua, akagonga ukuta,
akamtazama kiumbe aliyevaa shati la mwanafunzi:
«Na hicho, kinakwenda na nyumba?»
Kamote akapiga chafya.
Nikasema, rudi wiki ijayo.
Sijui kwa nini nilisema wiki ijayo.

Leo mkono ulitetemeka, matone yakawa manne.
Matatu nimempa mwenyewe.
La nne, baada ya kuangalia kama Asunta yuko dirishani,
nimelipaka goti langu la kushoto,
ambalo sijamwambia mtu.

Naye ameshapanda.